Kutoka Kusadikika hadi Ukerewe: Historia ya Mhusika Anayesadikika

Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa kitabu kidogo kuhusu nchi inayoelea angani, akaiita Kusadikika. Jina hilo lina mzaha wa ndani. Kusadikika ni kuwa na sifa ya kuaminiwa, na ni vigumu kuiamini nchi isiyogusa ardhi. Hata hivyo wasomaji waliisadiki, kwa kuwa waliyatambua mambo yake: mahakama inayomhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, waziri asiyependa kuulizwa, gereza linalowasubiri wenye mawazo mapya. Ambacho hawakukiona humo ni mtu wa kawaida, wa kukaa naye kibarazani na kumshangaa.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Nchi ya riwaya hiyo haielei. Ina ziwa, ina mashamba, ina vilabu vya pombe, ina shule za bweni. Na ndani yake yumo msichana ambaye wasomaji walimsadiki kiasi cha kukasirika. Kwa muda kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania, na baadaye kikaja kusomeshwa katika shule zilezile.

Wanafunzi wanaojifunza Kiswahili huniuliza mara kwa mara namna ya kumuumba mhusika wa hadithi fupi atakayesadikika. Vitabu vya kiada vina jibu lake: mwelezee sura, mpe matendo, mpe mazungumzo, waache wengine wamseme. Jibu hilo ni sahihi, na mwanafunzi anaweza kulitimiza lote huku mhusika wake akabaki kama kinyago. Ndiyo maana napendelea kuwaeleza yaliyotokea kati ya Kusadikika na Ukerewe. Katika miaka ile ishirini fasihi yetu ilijifunza kuruhusu nia mbili zinazogombana zikae katika kifua kimoja.

Tuanze na neno lenyewe. Mhusika ni yule ambaye jambo linamhusu. Neno halisemi kwamba lazima awe binadamu, wala kwamba lazima awe na siri. Katika ngano tulizosimuliwa utotoni, sungura ni mhusika kamili. Tunajua atadanganya kabla hajafungua kinywa, na fisi tunajua ataponzwa na tumbo lake. Msikilizaji hangoji kujua fisi ni nani. Hungoja kuona safari hii tumbo litamponza vipi.

Lakini ngano hazikuwa maskini kama tunavyozidhania. Askofu Edward Steere alikusanya hadithi za Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, na mojawapo ni ile ya Sultani Darai. Maskini mmoja anayechakura jaani anaokota senti chache, ananunua paa. Paa huyo anamtafutia mke wa kifalme, anamuua joka, anampatia jumba na mali. Kisha paa anaugua, na bwana yule aliyekuwa akila makombo anaagiza apewe uji mbovu, hataki hata kwenda kumwona. Paa anakufa kwa uchungu. Yule mtu anaamka siku moja na kujikuta yuko jaani tena, akichakura.

Msomaji asiulize kama paa husema. Aulize kwa nini mtu aliyeokolewa humchukia aliyemwokoa. Msimulizi hakutoa sababu, na pale jaani tulipokutana na mtu huyo mwanzoni hapakuwa na dalili yoyote. Kila aliyewahi kumkopesha ndugu yake fedha anaweza kuijaza sababu hiyo mwenyewe: macho ya mfadhili hutukumbusha tulivyokuwa. Mbegu ya mhusika anayesadikika ilikuwa tayari imo katika ngano, ila msimulizi aliiacha ardhini bila kuichimbua.

Mwaka 1934 kilitoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, ambacho wengi hukihesabu kuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya hadithi ndefu katika Kiswahili cha maandishi ya kisasa. Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa utumwani, na jamii aliyoiandika ni ile ya Freretown karibu na Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa. Alikuwa na hazina ambayo mwandishi yeyote angeitamani: kumbukumbu za baba na za majirani. Hata hivyo, watu wake husogea kwa makundi. Waarabu ni wakatili, Waingereza ni wakombozi, watumwa huteseka na kisha hushukuru. Wahakiki wa baadaye wamekilaumu sana kitabu hiki kwa kuutukuza ukoloni, na lawama hiyo ina haki. Mimi naongeza lawama ya fundi. Mtu aliyetekwa akiwa kijana, akapandishwa jahazi, akahamishiwa meli ya wageni na kushushwa pwani asiyoijua ili aitwe huru, hawezi kuwa na shukrani peke yake moyoni. Atakuwa na hofu kwamba hawa nao watamuuza. Atakuwa na mama aliyemwacha nyuma. Pengine atakuwa na aibu ya kutaka kurudi mahali ambapo hapako tena. Mbotela alikulia kati ya watu hao, na shukrani ndiyo iliyopata nafasi kitabuni.

Tazama pia kinachopotea upande wa uraia. Anayeandikwa kuwa mwenye kushukuru tu hawezi kudai chochote. Hana neno la kusema kuhusu ardhi anayolima wala ujira anaolipwa, maana kila kitu amepewa.

Shaaban Robert alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo. Wahusika wake hubeba tabia zao katika majina. Katika Kusadikika, anayeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria ni Karama, na waziri anayemshtaki ni Majivuno. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wa Adili ni Hasidi na Mwivu. Msomaji akisoma majina hayo, kesi imekwisha. Katika Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo cha mwandishi, Utubora anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima kijijini Busutamu, na tangu sura ya kwanza hatuna wasiwasi kwamba atafanya jambo lisilo la utu bora.

Wako wanaosema kwamba Shaaban Robert hakujua kuumba mtu. Nadhani wamekosea, na ushahidi wameuacha rafuni. Mwaka 1958 kilitoka Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kuhusu mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyekuwa amefariki mwaka 1950. Humo yumo mwanamke wa nyama na damu: binti wa shamba aliyetembeza vyungu vya kuuza, aliyedharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake, kisha sauti yake ikafika hadi kwenye santuri zilizorekodiwa Bombay. Mwandishi aliyeweza kumwona Siti alikuwa na macho. Alipowaita wahusika wake Karama na Majivuno alikuwa amechagua.

Kwa nini achague hivyo? Sababu ya kwanza ni urithi. Tenzi za pwani na hekaya zilizotoka Arabuni na Uajemi zilimfundisha kwamba hadithi ni mizani, na mizani hupima wema na ubaya, haipimi watu. Sababu ya pili ni kazi yake. Kwa zaidi ya miaka thelathini Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akianza kama karani wa forodha. Mtumishi wa namna hiyo hawezi kuandika hadithi ya bwana shauri fulani wa wilaya fulani anayewafunga watu bila kuwasikiliza. Anaweza kuandika kuhusu Majivuno wa nchi iliyo angani. Jina la sifa lilikuwa kinga. Lilimwezesha kusema juu ya utawala jambo ambalo jina la mtu lingemtia matatani. Kwa hiyo mwanafunzi asicheke anapolikuta jina kama Majivuno. Kwanza aulize mwandishi alikuwa akijikinga na nani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Shirika la East African Literature Bureau liliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi mwaka 1957 na 1958, na mshindi alikuwa Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960. Huyo ndiye aliyetuletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, na rafiki yake Najum anayeshangaa kwa niaba yetu. Ukoo wake na Sherlock Holmes hauhitaji kufichwa. Jambo jipya kwa Kiswahili lilikuwa kwamba mhusika aliweza kupendwa kwa vijitabia vyake, kwa namna anavyokaa, anavyonyamaza, anavyowasha kiko, bila msomaji kuulizwa kama yeye ni mwema au mbaya. Bwana Msa hakubadilika katika vitabu vyote vilivyofuata, wala hakuna aliyetaka abadilike.

Hapa sina budi kumtaja E. M. Forster, kwa sababu istilahi zake zimejaa katika mitihani yenu. Katika kitabu alichokitoa Uingereza mwaka 1927, Forster aliwagawa wahusika katika aina mbili ambazo wahakiki wetu wameziita mhusika bapa na mhusika duara. Bapa hujengwa juu ya wazo moja. Duara ana uwezo wa kutushangaza, na mshangao huo tukauamini. Wanafunzi wengi wameukariri mgawanyo huu kana kwamba ni cheo: bapa ni kasoro, duara ni ushindi. Forster mwenyewe hakusema hivyo; aliwasifu wahusika bapa kwa kuwa hukumbukwa kwa urahisi. Katika hadithi fupi, mwenye duka anayetokea mara moja kumrudishia mtu chenji akipewa utoto mgumu na ndoto za usiku, atamziba mhusika mkuu. Mwache awe bapa. Hata hivyo, msomaji amkumbuke kwa namna anavyozihesabu zile sarafu.

Sasa turudi Ukerewe. Kezilahabi hakuwa mtu aliyempuuza mtangulizi wake. Tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilimhusu Shaaban Robert. Aliyafahamu majina yale ya sifa vizuri kuliko wengi wetu. Na alipolichagua jina la msichana wake, alilitoa katika litania ya Bikira Maria ya Kanisa Katoliki, ambamo Maria huitwa waridi la fumbo. Hilo nalo ni jina la sifa. Shaaban Robert angempa msichana huyo maisha yanayolingana na jina. Kezilahabi alimpa jina hilo na baba.

Baba huyo ni Zakaria, mlevi, na ni mkali mno kuhusu usafi wa binti zake. Anapogundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na mvulana, anampiga vibaya. Kutokana na kipigo hicho Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume. Anapofika shule ya bweni na baadaye chuoni, mbali na fimbo, hana kitu kingine cha kumwongoza, kwa maana hakufundishwa kuamua, alifundishwa kuogopa. Anapoteza njia, anajaribu kurudi, na jamii haimfungulii mlango. Anaishia kujiua.

Mwandishi wa hadithi fupi atazame jinsi Zakaria alivyoumbwa. Angeweza kuwa Mwivu au Majivuno. Badala yake ni mtu anayetaka mambo mawili kwa wakati mmoja: anataka binti zake waheshimike, na hataki kuacha pombe inayoivunja heshima ya nyumba yake. Hajioni kuwa mbaya. Kila anapoinua fimbo anajiona ndiye mlinzi pekee. Kwa hiyo msomaji hawezi kumtupa mbali naye kama anavyomtupa Hasidi. Katika kijiji chochote cha nchi zetu yupo Zakaria, na huenda anamsalimia kila asubuhi kwa adabu.

Waliokipinga kitabu walisema kinafundisha uasherati. Mimi naamini kilichowasumbua ni kwamba Rosa alisadikika. Msichana mwovu asingemtisha mzazi yeyote, maana mzazi angesema, wangu hayuko hivyo. Rosa alianza akiwa mtiifu.

Baada ya mlango huo kufunguliwa, wengi waliingia. Nitamtaja mmoja tu, Said Ahmed Mohamed wa Pemba, na mhusika wake mmoja tu. Katika Utengano, cha mwaka 1980, Bwana Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba, hasomi wala hatoki. Mwanamke mmoja mzee, Farashuu, anamsaidia binti huyo kutoroka. Mwandishi mwanafunzi angemfanya Farashuu kuwa mkombozi mwenye huruma. Said Ahmed Mohamed amempa kisasi: Maksuudi aliwahi kumwoa binti yake na kumdhulumu mali yake. Anamfungulia Maimuna mlango kwa sababu anataka kumwumiza baba. Tendo ni jema, chanzo chake ni uchungu wa zamani, na anayelipa gharama ni msichana aliyetolewa nje bila kuandaliwa. Sijui somo bora zaidi la kumsawiri mhusika mdogo. Ana sababu yake mwenyewe ya kuwa ndani ya hadithi, na sababu hiyo hailingani na ile ya mhusika mkuu.

Riwaya, hata hivyo, ina kurasa nyingi za kumjenga Zakaria. Hadithi fupi ina kumi. Miaka ya 1970 na 1980 ndiyo iliyotupa mikusanyo ya kujifunzia: Kicheko cha Ushindi cha Mohamed Suleiman Mohamed na Uwike Usiwike Kutakucha cha Gabriel Ruhumbika, vyote vya mwaka 1978, kisha Si Shetani si Wazimu cha Said Ahmed Mohamed mwaka 1985. Magazeti na redio nayo yalitaka hadithi za kumalizika kwa kikao kimoja. Katika nafasi hiyo finyu mhusika hawezi kukua kama mti. Hukutwa mahali ambapo ni lazima aamue, na uamuzi ndio unaotuonyesha miaka yake yote iliyotangulia. Mwandishi anayeanza kwa kutueleza mhusika alizaliwa wapi na alisoma wapi ametumia kurasa tatu kati ya kumi kabla mtu huyo hajafanya lolote.

La kufurahisha ni kwamba Kezilahabi mwenyewe, katika hadithi fupi, alirudi kwenye jina la mzaha. Hadithi yake moja inaitwa Mayai Waziri wa Maradhi. Nchi zote zina waziri wa afya. Kumwita waziri wa maradhi ni kutoa hukumu nzima kwa neno moja, na jina la Mayai linamaliza kazi. Aliyemwumba Zakaria hakusahau namna ya kuumba mtu. Alijua kwamba kejeli ya kisiasa huhitaji mhusika bapa kama vile Shaaban Robert alivyomhitaji Majivuno. Nyenzo ya zamani haikutupwa. Ilipata mahali pake.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuliangalia, nalo limo katika sarufi. Lugha yetu ina uwezo wa kumhukumu mtu kwa silabi moja. Mtu akiitwa jitu, tayari ni mkubwa wa kutisha au asiye na haya. Akiitwa kijitu, amedharauliwa. Kizee si sawa na mzee. Toto, jitoto na kitoto ni watoto watatu tofauti. Ukiandika katika sentensi ya kwanza kwamba jitu liliingia sokoni, umemnyima msomaji haki ya kuamua, na umejinyima mwenyewe nafasi ya kumshangaza. Afadhali kiambishi hicho kitoke kinywani mwa mhusika mwingine. Mwanamke wa sokoni akinong'ona kwamba kijitu kile kimekuja tena kudai ushuru, tumejifunza mambo mawili kwa pamoja, na la pili linamhusu mwanamke.

Vivyo hivyo na namna watu wanavyoitana. Kijana anayemwamkia mkusanya ushuru shikamoo, kisha akiwa na wenzake akamwita yule jamaa, amekwisha kuchorwa. Mama anayemwita mwanawe baba anapombembeleza na kumwita kwa jina lake kamili anapokasirika hahitaji kuelezewa hasira yake. Waandishi wa Unguja na Pemba wanajua sana kutumia hazina hii, na ninyi mnaojifunza lugha kwa juhudi mna faida ambayo wazawa hawana: bado mnazisikia tofauti ambazo sisi tumezizoea.

Nasema sisi kwa hadhari, maana mimi ni Mganda, na katika nchi yangu msemaji wa Kiswahili mwenyewe amekuwa mhusika bapa kwa miaka mingi. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, King's African Rifles, kikabaki lugha ya jeshi baada ya uhuru. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na watu wengi walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Kiganda waliokuwa uhamishoni, na wakombozi hao nao walisema Kiswahili. Wakazi wa mji walishangaa kusikia lugha ya amri ikitumika kuomba maji ya kunywa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Lakini sheria haimbadilishi mhusika aliyekaa vichwani mwa watu. Hadi leo, nikiwaomba wanafunzi waandike hadithi fupi yenye mtu anayesema Kiswahili, wengi huniletea askari katili, na hawamjui kwa lolote zaidi ya ukatili wake.

Sikatai askari huyo. Alikuwepo, na familia nyingi zina sababu ya kumkumbuka. Nisichokubali ni kwamba aandikwe kama Hasidi, kwa sababu Hasidi haulizwi kitu. Mtu anaweza kuulizwa alipewa amri na nani, aliogopa nini, na siku ile alikuwa na njia gani nyingine. Taifa linalotaka kuuliza maswali hayo linahitaji hadithi zenye watu wa kuulizwa.

Basi nitajenga mfano wa kubuni, tuone. Ni mwaka 1977, njia ya Masaka, basi dogo limesimamishwa. Askari kijana anapanda na kudai stakabadhi za kodi. Mwalimu mzee aliyeketi karibu na mlango anampa yake. Askari anaikodolea macho muda mrefu, anakunja uso, anageuza upande wa pili, anarudi. Mzee anaona kwamba karatasi imeshikwa juu chini. Askari hajui kusoma.

Mpaka hapa hatujaambiwa kwamba askari ni katili wala kwamba ni mnyonge. Tumeona kijana mwenye bunduki na aibu, na aibu yenye bunduki ni kitu cha hatari. Tumemwona pia mzee ambaye maisha yake yote amefundisha watoto wa rika la askari huyu kusoma, na ambaye sasa anajua siri inayoweza kumwua au kumwokoa. Kiswahili cha askari ni kile cha kambini. Atasema, hii mzuri, wewe kaa. Mwandishi asikisahihishe, wala asikifanyie mzaha, kwa sababu mzee mwenyewe hathubutu kucheka. Mzee atamwita afande, kama desturi inavyotaka. Siku nyingine, mahali pengine, angemwita mwanangu, na huenda neno hilo limo tayari mdomoni.

Nyuma ya mzee ameketi kijana asiye na stakabadhi, na jasho linamtoka. Mzee hamjui. Katika mfuko wa koti lake mna barua ya zamani ya Wizara ya Elimu, yenye muhuri, iliyokunjwa mara nne. Askari anarudisha karatasi ya kwanza, anapiga hatua, ananyoosha mkono kwa kijana. Mzee ana muda wa kupumua mara mbili. Akiitoa barua ile na kusema kwamba ndiyo stakabadhi ya kijana, askari ataitazama, labda itakuwa juu chini tena, labda atauona muhuri na kutosheka, labda atatambua kwamba kuna mtu amemjua. Mkono wa mzee umekwisha kuingia mfukoni. Andikeni kuanzia hapo, kwa maneno yasiyozidi mia nane, na msimpe yeyote kati ya hao watatu jina la sifa.